Kompyuta Uliyotutumia

Kaloleni, Nairobi
9 Agosti 1997

Kwako kaka Kyalo,

Pokea salamu zetu nyingi, wewe na wifi Mwende na mtoto. Je, kifua chake kimetulia, au joto la Mombasa bado linamsumbua? Sisi huku tunapumua. Baridi imetushika mpaka mifupani, lakini hatujalala njaa. Baba anakusalimu. Bado anaamka mapema na kwenda Gikomba kwenye kibanda cha wachongaji.

Najua umekuwa ukingoja kusikia kwamba kazi yangu ya kuchapa imeanza. Haijaanza, kaka, na sioni itaanzaje.

Kompyuta ilifika kwa treni, imefungwa kwa blanketi vile ulivyosema. Lakini tulipoiinua tulisikia kitu kikicheza ndani. Baba akasema chombo kinacholia tumboni hakiwashwi kabla hakijafunguliwa. Nilimsihi tungoje fundi. Akaniuliza, kwa upole tu, yeye amekuwa nani miaka yote hii kama si fundi. Kumbe ilikuwa skrubu moja iliyolegea, imejibana chini ya ule ubao wa kijani ambao mafundi huuita madabodi. Aliingiza bisibisi aichokoe, na bisibisi ikateleza. Ilipita juu ya ubao kutoka upande huu hadi ule, ikakata vijistari vya shaba na kung'oa kidude kidogo kama punje ya mchele. Tulipowasha, feni ilizunguka, skrini ikabaki nyeusi. Baba aliketi akiitazama hadi chai yake ikapoa.

Niliipeleka kwa Lusweti, fundi wa redio na kompyuta kule Umoja. Alijitahidi, sina neno naye. Aliunganisha mistari iliyokatika kwa waya mwembamba kama unywele, ikakataa. Akarudia, ikatoa moshi. Mwishowe akaniambia ubao ukishaungua ndani hauna dawa, na mwingine wa kubadilisha haupatikani kwa kuwa mashine yenyewe ni ya zamani. Mwalimu Nduta, aliyeniahidi kazi ya kuchapa mitihani ya shule yake, alinivumilia kadiri alivyoweza, kisha akapeleka kazi mjini. Tangu ofisi niliyokuwa nikifanyia kazi ifungwe sijapata ahadi nyingine, wala sasa sijui nikabishe wapi.

Siku Lusweti alipokata tamaa, sikuweza kungoja Baba arudi. Nilikwenda moja kwa moja Gikomba kumweleza. Na hapa, kaka, ndipo penye jambo aliloniomba nisikuandikie.

Sikumkuta akichonga. Wenzake walikuwa wakichonga. Yeye alikuwa kwenye kona akipiga msasa twiga wa watu wengine, kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia alikuwa ameukalia. Aliponiona aliutoa, nao ukatetemeka juu ya paja lake kama kitu kisicho chake. Akanieleza kwamba hospitalini waliuita ugonjwa wa mishipa ya fahamu, kwamba utazidi na hauponi. Amejua tangu mwaka jana. Ninaishi naye nyumba moja, Kyalo, na sikuona.

Nilimuuliza kwa nini basi alishika bisibisi. Alipangusa vumbi la mbao magotini.

"Nilidhani kwa kitu cha mwanangu mkono huu utanitii," akasema. Kisha akaongeza, "Mwandikie Kyalo ilifika imevunjika. Haya mengine yaache hapa hapa."

Nilimkubalia. Nikaianza barua hiyo na kuichana, nikaianza tena, nikaichana. Wewe ungekwenda kugombana bure na watu wa reli, na Baba angezidi kunyong'onyea peke yake akijua amekudanganya.

Sikuombi utume kitu kingine. Hakuna cha kutuma. Baba naye usimwandikie kwamba unajua. Ila ukija Desemba, usimnyooshee mkono kumsalimu mbele za watu. Mkumbatie tu, na akishangaa, mwache ashangae.

Msalimie sana wifi, umbebe mtoto kwa niaba yangu. Mungu awe nanyi huko, nasi huku asitusahau.

Ni mimi dada yako,
Kavinya