Siku Kura Zilipolingana

Nyumba ya kona,
Nyuma ya soko la nguo.
Jumapili, wiki moja baada ya marudio.

Mpendwa shemeji,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote wa nyumba hii. Natumaini u mzima, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimetulia. Sisi hatujambo, isipokuwa magoti ya dada yako, huyu mke wangu, ambayo siku hizi yanalalamika kuliko wapinzani bungeni. Mama mkwe anakula vizuri na anasikia anachotaka kusikia. Amenituma nikuulize kama bado unavaa ile sweta aliyokufumia. Jibu ndiyo, hata kama si kweli.

Umeniandikia kwamba habari za uchaguzi zimekufikia vipande vipande, huyu anasema dada ameshinda, yule anasema ameanguka. Kaa vizuri basi nikusimulie, ila nivumilie, maana mkono wangu umezoea sindano kuliko kalamu.

Wewe uliondoka dada yako akiwa bado mwalimu wa darasa la tatu, anagombana na ofisi ya elimu juu ya vyoo vya wanafunzi. Alipochoka kuandika barua zisizojibiwa, akaamua kugombea Bunge la Jimbo mwenyewe. Mara ya kwanza aliangushwa vibaya. Alipigiwa kura na ndugu, jamaa na wazazi wa darasa la tatu, na hata hao si wote. Mara ya pili akaingia, na hajatoka tangu hapo. Leo kila zahanati ya huku kwetu ina taa kwenye chumba cha kujifungulia, kwa sababu alikaa kwenye kamati ya afya aking'ang'ana kama ruba, mpaka wenzake wakapitisha ule muswada ili nao wapumue.

Safari hii alikuwa na muswada mwingine, wa magari ya kubebea wagonjwa. Umesomwa bungeni mara moja tu. Alijua kabisa kwamba akikosa kiti, utalala kabatini na hakuna wa kuuamsha.

Upande wangu nikuambie ukweli, kwa kuwa wewe ni shemeji na shemeji hafichwi kitu. Dada yako huondoka Jumatatu alfajiri, hurudi Ijumaa jioni. Mimi ni mjane wa katikati ya wiki. Mama mkwe hula mapema akalala, nami napika sufuria moja, naila peke yangu siku zote hizo, nikichoka nayo nampelekea jirani, naye siku hizi akiniona natoka na sufuria anafunga mlango. Nilitamani sana akae nyumbani. Sikumwambia, lakini mtu niliyeishi naye miaka yote hii hahitaji kuambiwa.

Aliyesimama kushindana naye ni yule muuza mabati wa barabara kuu, kijana mchangamfu, hana baya. Hata mashati yake ya kampeni aliniletea mimi nimshonee. Nikashona, kazi ni kazi. Dada yako alipita, akalikagua moja kwenye henga, akasema kola imepinda nifumue, asije akasema tumemhujumu.

Sasa sikia siku yenyewe. Unajua tabia yake ya ualimu, kwamba hali mpaka mwanafunzi wa mwisho ale. Alizunguka vituo vyote tangu asubuhi, na alasiri akaja kupanga foleni pale shuleni, mkiani kabisa. Kila mama mwenye mtoto mgongoni, pita mwanangu. Kila mzee, pita baba. Foleni inasogea, yeye yuko palepale. Ilipobaki kidogo afike mlangoni, mzee mmoja mwenye mkongojo alitoka kupiga kura akaishiwa nguvu, dada yako akamshika mkono akamsindikiza mpaka kwake. Aliporudi, geti limefungwa. Msimamizi wa kituo alikuwa mwanafunzi wake zamani. Alikataa kumfungulia, na dada yako akamsifu kwa kufuata sheria.

Baadaye tukaja kujua yule mzee ni baba mdogo wa muuza mabati.

Tulicheka, hatukuona neno. Kisha matokeo yakatangazwa, na kura zikawa sare. Zikahesabiwa upya, sare tena. Ukumbi mzima ukamgeukia dada yako, kwa sababu habari ya geti ilikuwa imeshaenea mji mzima. Alikuwa ameinama anatafuta miwani yake, nayo ilikuwa usoni. Mama mkwe alisema neno moja tu, mganga hajigangi, kisha akakataa chai siku nzima.

Ikabidi turudie uchaguzi. Wiki hizo zilikuwa ngumu, shemeji. Dada yako hakulala vizuri, magoti yalivimba, na bado alitembea nyumba kwa nyumba. Mimi nilikaa kwenye cherehani nikimtazama akitoka asubuhi anachechemea, na moyo wangu ukawa unaenda huku na huku. Kwa kura sare, kila mtu mmoja alikuwa na uzito wa mji mzima, nami nilikuwa mmoja wao.

Siku ya marudio watu hawakumpa nafasi ya ukarimu. Walimsukuma mpaka mbele, kila akigeuka kumpisha mtu anageuzwa, akapiga kura yake kabla jua halijapanda. Zamu yangu ilipofika niliingia kwenye kile kibanda cha kadibodi, nikafungua karatasi, picha ya dada yako juu, ya muuza mabati chini. Nikajiambia, fundi, weka alama chini hapa, umepata mke wako. Hakuna atakayejua. Nilimpenda wakati ule kiasi cha kutaka aanguke. Halafu nikawaza wanawake wanaobebwa kwenye mkokoteni usiku kwenda kujifungua, nikaweka alama yangu, nikatoka macho yananiuma.

Alishinda, shemeji. Kwa kura chache, lakini zinatosha. Muuza mabati alikuja mwenyewe kumpa mkono, na hapo hapo akaniagiza suti ya harusi yake.

Watu walipotawanyika asubuhi iliyofuata, dada yako alikuja chumba cha mbele nikiwa nakata kitambaa. Akaniuliza bila kunitazama, "Ulinipigia?"

Nikamwambia kura ni siri.

Akacheka, akakaa kwenye kiti cha wateja, akavua viatu akawa anajikanda magoti. Kisha akasema, "Mimi nilikaa mle kibandani mpaka msimamizi akakohoa. Nilikuwa nakuwaza wewe, unakula peke yako."

Nikaweka mkasi chini. Nikamuuliza, sasa mwishowe ulimpigia nani?

"Kura ni siri, mume wangu," akasema, akainuka akaenda kuinjika chai.

Sijauliza tena, na sina kinyongo. Kesho alfajiri anaondoka kwenda kuapishwa, nguo yake nimeshaipiga pasi, nimeipanua kiunoni kidogo bila kumwambia. Wewe pia usimwambie.

Msalimie mkeo, na wale wapwa wa dada yako, hasa mdogo anayependa kuuliza maswali, mwambie shangazi yake anamtafutia kiti bungeni. Mama mkwe anakubusu kipajini na anasema uandike herufi kubwa. Mungu akulinde huko ugenini, akupe afya, na siku ya kurudi usikute mlango umefungwa.

Wako akupendaye bila kampeni,
Shemeji yako, Fundi