Gambuti za Mama

Baba,

Kamwene. Tangu tukuzike, bati la jikoni limebadilishwa, mahindi ya hapa Kichiwa yamestawi, na Kaka Amoni amehamishia duka lake karibu na stendi ya Makambako. Hayo ni ya kawaida. Ninalokuandikia ni la Mama.

Watu wote wanasema huzuni imemkondesha. Mimi nimemtazama vizuri. Uso wake ni uleule, na kiuno cha sketi hakijalegea. Kilichopungua ni miguu.

Nilijua kwa kusikia. Nilikuwa namfuata kwenda kinyungu, bustani yenu ya bondeni, nikasikia gambuti zake zinampiga mashavu ya miguu: pwata, pwata, kila hatua. Zamani zilimbana mpaka yeye anakaa kizingitini, wewe unashika kisigino na kuvuta, mnacheka wote wawili.

"Za siku hizi mpira wake hovyo, zinatanuka," aliniambia bila kugeuka.

Kumbe alishazipeleka kwa muuzaji sokoni Makambako ambadilishie. Yule kijana akamwambia, "Bibi, vaa soksi mbili." Amevaa soksi mbili. Bado zinapiga.

Hapo nikaanza kukumbuka mambo yako, Baba. Ulivyoanza kujisukuma kwa mikono ukiinuka kwenye benchi la kanisani, tukatania, "Mzee anapiga pushapu ibadani." Halafu ukaacha kabisa kusimama wakati wa wimbo, na mzee wa kanisa akasema una haki, umesimama miaka mingi. Ukawa unampa Mama chupa ya chai akufungulie kifuniko. Pale Makambako ulivuka barabara kuu taratibu mpaka malori yakakupigia honi. Vyote tuliviita uzee. Kaka akakupokonya jembe kwa heshima: "Baba, wewe pumzika." Ukapumzika. Siku uliyoteleza mlangoni hukuwa umebeba chochote. Nyonga ikavunjika. Mengine unayajua.

Basi nikamwomba Mama ainuke kwenye kigoda bila kushika kitu, mikono kifuani.

"Unanifanyia usaili?" akacheka. Akajaribu, akarudi kukaa. Akajaribu tena kwa hasira, akarudi. Hakucheka tena. Akasema, "Baba yako naye alianza hivi."

Alikuwa anajua, Baba. Alikuwa anajua, akanyamaza, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba kuna la kufanya.

Tulikwenda hospitali mjini Njombe. Daktari akampa mkono. "Nibane, mama, kwa nguvu zako zote."

"Ndiyo nguvu zote hizo, mwanangu."

Daktari alieleza kwamba misuli hupungua na umri, kwamba kwa wengine hupungua haraka mno, na kwamba ikigundulika mapema mtu anaweza kurudisha kiasi: miguu ifanyishwe kazi kila siku, tena chakula kiwe na maharage, mayai, maziwa. Akauliza Mama anakula nini. Chai na viazi. "Huyu anashinda kazini; maharage ya mtu mmoja ni kupoteza kuni," Mama akajibu, kana kwamba hilo halina mjadala.

Kaka amenikasirikia. Amemwandalia chumba Makambako, kochi, na binti wa kumfulia. "Mama amelima vya kutosha," ananiambia. "Unataka afie shambani?" Majirani wako upande wake, na sina uhakika kwamba wanakosea. Akianguka bondeni mimi nikiwa kazini, nitamwambia nini Kaka? Lakini akikaa kwenye lile kochi, najua yanakoishia. Nimeshayaona.

Mama ameomba abaki mpaka maharage ya kinyungu yavunwe. Kaka amekubali shingo upande, kwa sharti moja: siku hiyo ikifika na hawezi kuinuka mwenyewe, anahama. Nami nimekubali.

Jumapili iliyopita wimbo ulipoanza, Mama alishika benchi la mbele. Magoti yalitetemeka. Nilisimama kando yake, mikono nimeifumbata nyuma. Mwanamke mmoja akanong'ona, "Mtoto huyu hana huruma." Mzee wa kanisa akaanza kuja, nikamtikisia kichwa. Ubeti wa kwanza uliisha Mama yuko nusu. Wa pili ulimkuta amesimama, akiimba kwa pumzi ya mtu aliyetoka kupanda mlima.

Jana alishuka bondeni. Gambuti bado zinapiga.

Lala, Baba. Wewe tulikunyooshea mikono mpaka miguu yako ikasahau kazi. Mama sitamnyooshea kabla hajaomba. Akiomba, nitakuwa pale pale, kando yake.

Binti yako,
Neema