Kiganja cha Mwanaisha

Mabawa, Jumanne, mvua za vuli, 1956

Leo imenyesha tangu alfajiri, mvua nyembamba isiyo na haraka. Wateja hawakuja. Nimeshona suruali mbili, nikafunika cherehani, na baada ya alasiri nikaenda darasa letu la watu wazima.

Mwalimu alitusomea habari za Ulaya ya karne nyingi zilizopita, namna walivyokuwa wakiwahoji watuhumiwa. Mtu alilazwa juu ya ubao, akafungwa kamba mikono na miguu, kisha kamba zikavutwa mpaka viungo viachane. Mwingine alibebeshwa chuma cha moto, mkono ukafungwa kitambaa, na siku ya tatu wakaufungua. Ukiwa umetunga usaha, ana hatia. Wengine walilishwa mkate mkavu mbele ya padri. Anayepaliwa ndiye mwizi.

"Kumbe na wao walikuwa na waganga wao," alisema Mzee Kibwana, muuza kahawa. Darasa zima likacheka. Kisha yeye huyo huyo akauliza, "Sasa huyo aliyevutwa kamba akakiri, walijuaje kama anasema kweli?"

Mwalimu alifunua ukurasa wa mbele, akarudi wa nyuma.

"Kitabu hakisemi," akajibu.

Marehemu mke wangu, Mwanaisha, alikuwa na kovu katika kiganja cha kulia, laini, linalong'aa. Sehemu ile haikusikia moto. Alikuwa akifunua chungu kinachochemka kwa mkono huo, bila kitambaa, na mimi nikazoea kumwona hivyo. Sasa ni miezi saba tangu tumzike, na kila ninapounguza vidole kwenye kifuniko kile ndipo ninapomkumbuka.

Habari ya kovu alinieleza mara moja tu, mwaka wa kwanza wa ndoa yetu. Kwao Mkwaja, alipokuwa msichana, ulipotea mkufu wa shangazi yake. Akaitwa mganga, akatia shoka motoni, akalipitisha kiganjani mwake. "Lilipopita mara ya pili nikasema ni mimi," aliniambia. "Sikuiba. Lakini nilisema ni mimi." Akaniomba nisimwambie mtu hapa mjini. Hakurudi Mkwaja tena, hata kwa mazishi ya mama yake.

Nilimwambia ninamwamini.

Miaka kadhaa baadaye ulipotea mkasi wangu mkubwa, ule wa kukatia kitambaa kizito cha drili. Niliutafuta chini ya meza, juu ya kabati, kila mahali. Mwanaisha alikuwa amekaa akichambua mchele. Nilimtazama tu, kisha macho yangu yakashuka mpaka kwenye kiganja chake. Akauingiza mkono ndani ya kanga, akaendelea kuchambua kwa mkono wa kushoto.

Siku ya nne alikuja mteja niliyemshonea godoro la sufi. "Fundi," akasema, "godoro lako lina mfupa." Nikalifumua. Mkasi ulikuwa ndani, nilikuwa nimeushonea humo mwenyewe.

Nilimwambia Mwanaisha nimeupata. Akasema alhamdulillahi. Sikumwomba radhi, maana kuomba radhi kungekuwa kukiri kwamba nilimshuku. Tuliishi miaka kumi na moja baada ya hapo, na siku za kuomba radhi zilikuwa nyingi.

Naandika haya kwa sababu ya jambo la hapa nyumbani.

Bi Mwanahamisi, mwenye nyumba wetu, amepotewa na bangili ya fedha tangu Ijumaa. Wapangaji wanamshuku Zubeda, mjane anayekaanga mihogo barazani, kwa kuwa siku hiyo aliingia chumbani mwa bibi kuazima mchi. Kesho baada ya adhuhuri atakuja mtu na mkate wa kiapo, uliokwisha kusomewa maneno. Asiyeweza kuumeza ndiye mwizi.

"Wewe ndiye mpangaji wa zamani, fundi. Utakaa shahidi," Bi Mwanahamisi aliniambia jana. "Asiye na lake atameza. Kumeza mkate kuna ugumu gani?"

Nikasema inshallah. Nilisema kwa wepesi kabisa.

Leo niliporudi kutoka darasani nilimkuta Zubeda barazani na kikombe cha chai. Alinisalimu, "Shikamoo, fundi," bila kuinua uso. Akapiga funda moja, akalishika mdomoni muda mrefu, mwisho akageuka akalitema uani. Kama chai haipiti, mkate mkavu utapitaje? Sijui kama alichukua bangili. Ninachojua ni kwamba kesho atapaliwa.

Nimefikiri sana niwaambie nini. Habari ya kiganja ingewanyamazisha, lakini niliombwa niifiche, na aliyeniomba hayupo tena wa kunipa ruhusa. Ninaiweka humu daftarini tu.

Lakini habari ya mkasi ni yangu. Kesho, kabla mkate haujatolewa kwenye kitambaa, nitasimama mbele ya wapangaji wote na mbele ya Zubeda, niwaeleze jinsi nilivyomtazama mke wangu siku nne kwa kitu nilichokishonea godoroni kwa mikono yangu. Watanicheka. Bi Mwanahamisi huenda akanitaka nihame.

Kisha nitamwomba anifungulie chumba chake, tufumue godoro lake kwanza.