Transista Pacha na Solo ya Mueni

Jumamosi, mtaani Lucky Summer, Nairobi. Baridi ya Julai, jua limegoma tangu asubuhi, na mimi nimeshinda mezani nimevaa koti juu ya sweta.

Nikiri tu. Jumapili iliyopita nilimharibia mke wangu solo.

Mueni alikuwa ameufanyia mazoezi wimbo ule wiki tatu, jikoni, bafuni, hata akianika nguo. Alipofungua mdomo kanisani, spika zikavuma mmmmm pamoja naye kama ng'ombe mwenye njaa, mpaka ubeti wa mwisho. Aliyetengeneza amplifaya hiyo ni mimi. Tangu siku hiyo ananipakulia chakula, kisha anaenda kula chumbani na mama yake, aliyetutembelea kutoka Machakos. Kesho anaimba tena. Amesema ikivuma, anaacha kwaya. Niliumia kusikia hivyo.

Wasiojua niwaeleze. Waya wa maikrofoni hubeba sauti kwa njia mbili: huku ikipanda, kule inashuka. Mvumo wa stima huingia njia zote mbili sawasawa. Mlangoni mwa amplifaya kuna transista mbili zinazokula sahani moja, moja ikivuta zaidi nyingine inapungukiwa. Sauti ya Mueni huzivuta huku na huku, kwa hiyo inakuzwa. Mvumo huzisukuma zote pamoja, hakuna inayoishinda nyingine, basi unaishia hapo.

Ila lazima ziwe pacha, la sivyo mvumo unapenya. Moja ilikuwa imeungua, nami nikatoa nyingine kwenye mkebe wangu wa vyuma vya soko la Gikomba. Namba ni ileile, nikasema, nikaichomelea bila kupima.

Mueni alikuwa ameniambia nipime kwanza. Mama yake pia. Hawa wawili hawakubaliani hata kuhusu chumvi, na wakibishana mimi husikiliza kila neno, hata nachagua upande. Siku hiyo walisema kitu kimoja.

Sikusikia chochote.

Leo nimemwaga mkebe wote na kupima moja moja. Kipimo cha ya kwanza kilipanda, kikapanda, nikadhani nimeokota dhahabu. Mama mkwe akaniletea chai, akatazama, akauliza mbona naishika kwa vidole tangu asubuhi, si imepata joto? Kweli. Nikaanza upya, naziacha zipoe kama uji. Baada ya chakula cha mchana nikapata mbili zinazolingana, nikazigandisha tumbo kwa tumbo ili joto lao liwe moja, nikazichomelea.

Saa kumi nikamwita Mueni. Akaimba mstari mmoja, maikrofoni ameishikia mbali kana kwamba inauma. Ikatoka sauti yake peke yake. Nilitaka kulia, nikalia kidogo.

"Baba Kioko, kesho usiguse kitu," akasema.

Mama mkwe naye, kutoka jikoni: "Baba Kioko, kesho usiguse kitu."

Safari hii nimesikia. Kesho nitakaa benchi la nyuma, mikono mfukoni. Bisibisi zangu zote ziko kwenye mkoba wa mama mkwe, na ameukalia.