Weka Hapo

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba goti lako limeacha kukusumbua kwenye ngazi. Mimi ni mzima wa mwili. Roho ndiyo inayochemka.

Uliniuliza kwa nini nataka kuacha kazi, ukanikumbusha kwamba kazi mbaya si mchezo mwema. Dada, kazi yenyewe si mbaya. Naipenda hata harufu ya vanishi inayoniumiza kichwa. Kinachonichosha ni kwamba meza inang'aa na aliyeing'arisha haonekani. Mwezi uliopita nilimaliza meza ndefu ya mikutano, ungeweza kujitazama ndani yake ukichana nywele. Mteja akaja, akaizunguka, akasifu mbao. Mbao! Akauliza ni mti gani, na bosi akamjibu kwa madaha kana kwamba yeye ndiye aliyeuotesha. Mimi nimesimama pale na brashi mkononi, natabasamu kama mjinga. Mteja alipoondoka nikamwambia bosi kwamba hata neno moja lingetosha. Akacheka, akasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilitamani kummwagia kopo zima.

Nikiwa bado nimenuna, Mama Msasa akaacha kazi. Sidhani kama nimewahi kukutajia habari zake, na hapo ndipo penye aibu. Ni mama wa makamo aliyekuwa akipiga msasa kila kitu kabla hakijafika kwangu, chumba cha pili, kajifunga kitambaa puani, kope nyeupe kwa vumbi. Hakugombana na mtu. Alikung'uta aproni yake, akaaga, akaenda.

Akaletwa mwingine. Nikapaka vanishi ileile, kwa brashi ileile, kwa mkono uleule. Kabati likatoka na vipele kama kuku aliyenyonyolewa. Nikalaumu vanishi, nikalaumu unyevu, nikapaka tena, likazidi kuwa baya, maana vanishi haifichi kitu, inakianika. Bosi akanifokea mbele ya watu. Basi hiyo ndiyo siku aliyoniona.

Hapo nikakumbuka jambo, na ninakuambia wewe tu. Kila alipoleta kitu, Mama Msasa alikuwa akipitisha kiganja juu yake, kisha ananiuliza kimekaaje. Kila mara. Nami bila kuinua macho nilikuwa namjibu: weka hapo. Miaka yote ile, dada, na huku nanung'unika kwamba sionekani. Kweli nyani haoni kundule.

Nikatengeneza stuli ndogo, nikaipiga msasa mwenyewe mpaka vidole vikachubuka, nikampelekea nyumbani kwake Jumapili. Nikamweleza yote, kwamba ule mng'ao niliokuwa naringia ulikuwa wake kabla haujawa wangu, nikamsihi arudi. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni. Akapitisha kiganja juu ya stuli, taratibu, mpaka pembeni. Nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza imekaaje.

Akanijibu: weka hapo. Kisha akaingia ndani.

Sijui kama nitaacha kazi. Hasira bado ninayo, ila sijui tena nimkasirikie nani. Nisalimie shemeji, na uwaambie watoto wasiruke juu ya kile kiti cha mikono nilichokuletea, kile ulichonisifia mbele ya wageni mpaka nikavimba kichwa. Siku ukikikalia, papasa chini ya mikono yake, mahali ambapo vanishi haikufika na jicho la mtu halifiki. Utakuta ni laini vilevile. Pale mimi sikugusa.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi Vanishi