Chupa ya Mafuta ya Breki Isiyopungua

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumatatu, maana Jumatatu ndipo binti yangu anahamia shule iliyo chini ya mteremko na itabidi nimpakie kwenye pikipiki, na pikipiki hiyo ndiyo iliyomuua baba yake, na mimi nimeanza kuamini kwamba haijamaliza.

Napeleka sampuli za damu kutoka zahanati hadi maabara ya hospitali kubwa, kazi niliyorithi kwa marehemu mume wangu pamoja na pikipiki yenyewe, ambayo ilinyooshwa ikapona ingawa yeye hakupona, na miezi mitatu sasa nikishuka ule mteremko mrefu, nikifika kwenye kona ileile alipoanguka, mkono wa breki ya mbele unalegea ghafla, unakuja mpaka kwenye usukani bila uzito wowote, kana kwamba kuna mtu ameshaubana kabla yangu. Nakanyaga ya nyuma, naponea chupuchupu. Nikipumzika pale chini robo saa, unakuwa mgumu tena. Fundi ameikagua mara tatu, na kila mara ananiambia, "Dada, breki hizi hazina kasoro, labda ni woga tu."

Kuna jingine, na hili sijamwambia mtu. Mume wangu aliacha chupa ya plastiki yenye mafuta ya breki, imefika nusu, haina karatasi, ina alama ya dole gumba lake kwa grisi. Asubuhi ya mwisho alilalamika kwamba breki zimekuwa laini, akaongeza kidogo kutoka humo, akaondoka. Basi kila Jumapili nafungua kile kikopo cha mafuta ya breki pale kwenye usukani, nachota kidogo kwa bomba la sindano, naongeza ya kwake, na niliyoyachota nayarudisha chupani ili yasiishe, na kweli hayaishi, mshauri, mwaka mzima chupa haijapungua hata kidogo. Lakini kila asubuhi naifunga kwa nguvu zangu zote naiweka kabatini, na nikirudi jioni nakuta kifuniko kimelegea, siku nyingine kimelazwa pembeni, na nyumbani hakuna mtu ila mama mkwe, ambaye macho yamemwishia na hutembea kwa kushika ukuta. Mto wake unanuka yale mafuta. Nilipomuuliza kama kuna mtu huingia, akasema, "Kijana wangu huja mchana, wewe ukishaondoka."

Wifi anataka pikipiki iuzwe. Nikiiuza tutakula nini? Na nikibaki nayo, je, sasa anamtaka mtoto?

Mjane wa Mteremkoni

*

Mjane wa Mteremkoni, pole sana. Barua yako niliisoma mara mbili nikainuka kufunga dirisha. Kisha nikaipeleka kwa fundi pikipiki aliye jirani na ofisi yetu, mama mtu mzima asiyemung'unya maneno. Alipofika kwenye bomba la sindano alicheka. Alipofika kwenye kifuniko aliacha kucheka, akaniuliza kama nina namba yako ya simu.

Sasa sikiliza. Mafuta ya breki hunywa maji. Huyavuta hewani, na chupa ikikaa wazi huyavuta zaidi. Ukishuka umebana breki, chuma kinapata moto, maji yale yanachemka na kuwa mvuke, na wewe unabaki kubana mvuke. Kwa nini kona ile? Kwa sababu mpaka ufike pale umeshabana breki mteremko mzima. Ukipumzika inapoa, na fundi wako siku zote anakagua breki iliyopoa. Hakukudanganya, ila hukumwambia habari za chupa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe ya kwako umeyaficha mwaka mzima, tena unayarudisha chupani kila Jumapili. Hasira zimenipanda, nasema wazi, kwa sababu una mtoto.

Pikipiki usiiwashe tena. Fundi aifuate nyumbani. Asiongeze juu ya ya zamani: ayatoe yote, apitishe mapya mpaka yatoke masafi, atoe upepo ulioingia kwenye mabomba ya breki, aangalie mipira inayozuia mafuta yasivuje. Nunua chupa mpya ambayo haijafunguliwa, yenye namba ileile iliyoandikwa juu ya kifuniko cha kile kikopo. Pikipiki nyingi ni DOT 4, lakini soma, usikisie. Muuzaji akikusukumia DOT 5 eti namba kubwa ndiyo bora, mrudishie, hiyo ni ya silikoni na haipatani na hayo mengine. Yatakayobaki usiyatunze. Halafu shuka peke yako kwanza, kwa gia ndogo, mara mbili tatu, ndipo umpakie binti.

Umeandika kwamba asubuhi ile mumeo naye aliongeza kutoka chupa hiyohiyo. Sikuwapo, siwezi kuapa. Lakini nadhani unajua sasa ni nini kilichoulegeza mkono wa breki pale konani, na hakikuwa mzimu.

Kimebaki kifuniko. Huyo anayekuja mchana ni mama mkwe wako, mama aliyefiwa. Anapapasa ukuta mpaka kabatini, anafungua, anavuta pumzi, anaudondoshea mto wake tone moja ili alale na harufu ya mikono ya mwanawe. Usimkemee. Ila mafuta yale ni sumu, na yeye haoni. Yatoe yote, mpe fundi ayatupe panapofaa, lile dole gumba usiliguse, kisha mkabidhi mama chupa tupu. Harufu haitatoka humo leo wala kesho.

Akikuuliza kwa nini imekuwa nyepesi, kaa kitandani kwake umweleze yote, na ya konani pia. Mama ana haki ya kujua kilichomponza mwanawe, hata kama ndicho anacholalia kila siku.