Mganga Mwenzenu

Geita

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umekuachia kidogo na kifua cha Mama kimetulia. Mimi mhola, nakula na kulala vizuri, ila nina hasira. Kwenye simu ulisema napiga kelele, basi naandika. Mama akusomee taratibu.

Unaikumbuka ile sera niliyokueleza, ya kuingiza tiba asili hospitalini? Mganga mfawidhi, mkubwa wetu hapa kituoni, alituita kikao akatusomea. Waganga wa jadi watuletee wagonjwa, nasi tuwape majibu, tusiwadharau. Nikasimama nikasema baba yangu anaunga mifupa kule Didia, Shinyanga, na mfupa ukitoboa ngozi hauungi. Anafunga vijiti tu usitikisike, kisha anamhimiza mtu aende hospitali. Wakanipigia makofi! Halafu mfawidhi akaniuliza kama siku ya uzinduzi utakuja na ngoma na mavazi ya ngozi. Wewe, Baba, ambaye hata harusini kwangu ulicheza kwa kuvutwa mkono.

Hilo ningelimeza. Lakini juzi aliletwa mchimbaji aliyeanguka duarani, kwenye shimo la dhahabu, mguu umefungwa vijiti na mganga wa huko machimboni. Vilikaa sawasawa, kama vyako. Daktari wetu, yuleyule wa makofi, akavikata na kuvitupa sakafuni.

"Nani kakufunga kuni hizi? Si ungebaki hukohuko kwa wachawi wenu!"

Nje kwenye benchi alikuwepo mwingine, dereva wa bodaboda, mfupa umetokeza chini ya goti, naye kafungwa vijiti. Nilipotoka kumwita, benchi lilikuwa tupu. Nikakimbia hadi getini. Mkewe alikuwa anampakia kwenye bajaji.

"Dada, tumesikia kila neno," akaniambia. "Tunarudi kwetu Shinyanga. Waganga wa kule hawatukani mtu."

Nilimsihi kwa Kiswahili, nikamsihi kwa Kisukuma. Wakaondoka. Mfawidhi nilipomweleza, akanijibu, "Nesi, sera huchukua muda." Baba, kidonda kile hakina muda! Nilitamani kulia mbele yake, nikajizuia. Yeye anaitwa mganga, nawe unaitwa mganga, na mgonjwa anapotelea katikati yenu.

Nisalimie Mama, shangazi yangu muuza mchele kule Kahama, na mdogo wangu Shija. Mwambie ng'ombe hawachungwi kwa kutazama simu.

Sasa nisikilize. Waliovunjika mifupa upande huo wanakujua wewe, huenda yule dereva akaletwa kwako. Usimbakize hapo hata kama mkewe atapiga magoti. Mpeleke hospitali ya karibu, na safari hii usiishie mlangoni kama ulivyozoea. Ingia naye. Wakifoka kuuliza nani kamfunga vijiti, usitazame chini. Wajibu, "Ni mganga mwenzenu."

Binti yako,
Kabula